Marehemu wa Soko la Baraka

Ukifika soko la Baraka na kumuulizia Pulchérie Mutambo, wauza samaki watakutazama kwanza wakifikiri. Ukimuulizia Marehemu, watakuonyesha mara moja: yule mama mnene, amekaa nyuma ya beseni mbili za ndagala, dagaa wa ziwa letu, anabishana na mteja huku anacheka. Jina hilo halimkasirishi. Amelibeba zaidi ya miaka kumi na tano, na mimi ni mmoja wa watu waliomtwisha.

Mwaka wa 2009 wengi wetu tulikuwa tumerudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, ng'ambo ya ziwa. Kule kambini tulikuwa tumefundishwa kuigiza, lakini michezo yote ilihusu kipindupindu na kunawa mikono. Tuliporudi Baraka tukaendelea na kundi letu kwenye parokia, hadi siku moja Dieumerci, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, akasema amechoka na kipindupindu. Akaandika hadithi ya mapenzi. Mwalimu anampenda msichana, msichana ana ugonjwa wa damu, madaktari wanampa miezi mitatu, mwalimu anamuoa hivyo hivyo, na msichana anafia mikononi mwake. Tukaazima kamera ya mpiga picha wa harusi. Pulchérie, wakati huo ana miaka ishirini na moja, akapewa nafasi ya mgonjwa kwa sababu alikuwa mwembamba kama mwiko. Bertin, kijana aliyekuwa akijifunza kutengeneza injini za boti, akawa mwalimu kwa sababu ndiye pekee mwenye suruali iliyopigwa pasi. Mimi nilishika kioo cha kinyozi pale dirishani, ili jua liingie chumbani.

Kile kifo peke yake kilichukua dakika kumi na moja. Pulchérie alilala kwenye kitanda cha katekista, akakohoa, akamsamehe baba yake, akamsamehe shangazi yake, akamwambia Bertin maneno marefu kuhusu mbinguni, kisha kichwa chake kikaanguka upande. Bertin akalia mpaka makamasi. Katikati ya kilio hicho kuku akaingia mlangoni, akapita taratibu mbele ya kitanda, akatoka. Betri ilikuwa inaisha na hatukuweza kurudia, basi kuku akabaki ndani ya filimu.

Watu waliipenda mno. Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, ikanakiliwa, ikafika Fizi na Kazimia, na miaka kadhaa baadaye, wakimbizi Warundi walipoletwa kambi ya Lusenda, ikaonyeshwa huko pia. Juma lile la kwanza wanawake sokoni walimgusa Pulchérie mkono kuhakikisha.

"Si weye ulikufa?" mmoja alimuuliza.

"Nilicheza tu, mama."

"Ata kidogo. Miye nilikulilia siku muzima."

Tangu hapo akawa Marehemu. "Marehemu, ndagala za leo zimetoka wapi?" "Marehemu, niongeze kidogo." Akaitika.

Jina hilo lilimletea shida mara moja tu. Raphaël, mwendesha pikipiki, alipotaka kumuoa, mama yake alikataa mbele ya wajumbe wa pande zote mbili. "Siwezi kubali maiti iingie mu nyumba yangu," alisema, na hakuwa anatania. Kwake, mtu aliyeigiza kufa amekionyesha kifo njia ya kumfikia. Ilichukua mwaka mzima, na Pulchérie kunenepa, ndipo yule mama akalegea. Leo Pulchérie na Raphaël wana watoto wanne, wa kwanza ni Dany, na mama mkwe huyo huyo ndiye anayebaki nao Pulchérie akipanda boti kwenda Kazimia kununua ndagala.

Bertin naye alipata mke kwa sababu ya filimu hiyo. Gentille, binti wa kanisa la Kiprotestanti, aliitazama mara tatu. Aliwaambia rafiki zake kwamba mwanaume anayeweza kumlilia mwanamke namna ile hawezi kumpiga. Akamfuata Bertin ufukweni mahali anapofanyia kazi, akamwambia injini ya mjomba wake inakohoa. Haikuwa inakohoa. Mwaka haukuisha wakaoana, wakazaa mtoto mmoja wa kike, Merveille, na baada yake hawakupata mwingine.

Pulchérie na Gentille walisalimiana tu njiani, basi. Gentille alinunua ndagala kwa mama mwingine. Pulchérie hakumlaumu. Nani anataka kununua mboga kwa mwanamke ambaye bwana wako alimlilia mbele ya mji mzima?

Mwaka juzi Gentille akaanza kutokwa na damu isiyo ya kawaida. Alinyamaza nayo muda mrefu, kama wanawake wengi wanavyonyamaza. Bertin alipojua, akampeleka Uvira, kisha Bukavu. Walikaa Bukavu majuma matatu. Madaktari wakasema ni kansa ya kizazi, na imekwisha kusambaa, hakuna cha kukata. Wakawapa dawa ya maumivu, wakawaambia warudi nyumbani.

Miezi minne baadaye, asubuhi moja, Merveille akasimama mbele ya beseni za Pulchérie. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu, na sketi ya shule.

"Mama Dany, mama anakuita," alisema. "Anasema ukuye na ile filimu."

Sidhani kama mjini kulikuwa kumebaki nakala nyingine. Pulchérie alikuwa na sidii moja, imefungwa ndani ya kitenge cha harusi yake, chini ya sanduku. Akaniletea dukani kwangu, ninapochaji simu na kunakili nyimbo, nione kama bado inasoma. Ilikuwa na mikwaruzo lakini ilisoma. Basi nikabeba ordinateri yangu, ile kompyuta ya dukani, na tukaenda wote wawili, saa nane za mchana.

Gentille alikuwa ameketishwa kitandani, amewekewa mito mgongoni. Uso wake ulikuwa umebaki macho na meno, lakini alikuwa amesuka nywele siku ile. Bertin alisimama mlangoni na mikono ya mafuta. Ilionekana ameitwa kwa nguvu.

"Kaa, Papa Merveille," Gentille alimwambia. "Leo tunakutazama ukiwa kijana."

Nikaiwasha. Jambo la kwanza lililotushangaza ni jinsi tulivyokuwa watoto. Pulchérie alikuwa na shingo. Bertin alikuwa anatembea kama mtu aliyekanyaga miiba, kwa sababu viatu vile havikuwa vyake. Sauti ilikuja na kukatika, mara unasikia upepo, mara unasikia mtu nyuma ya kamera anaambiwa anyamaze, na mtu huyo ni mimi. Gentille alijua maneno yote. Aliyasema kwa midomo kabla hayajatoka. Kuku alipopita, akacheka mpaka akashika tumbo.

Tulipofika kwenye kifo nikauliza kama nizime. Akanikatalia kwa mkono.

Pulchérie wa kwenye filimu akakohoa, akaanza kusamehe. Gentille akamgeukia Pulchérie aliyekaa kando yake kwenye kigoda.

"Marehemu, weye unasema sana."

"Ni Dieumerci aliandika."

"Mutu wa kufa hana pumzi ya kusamehe familia muzima. Na ulikufa mbio. Miye niko nakufa huu mwezi wa ine, na sijamaliza."

Hatukujua kama ni ruhusa kucheka. Kisha kwenye kioo cha ordinateri Bertin akaanza kulia, na Gentille akanyamaza. Alitazama machozi yale kwa makini, mdomo wazi kidogo, kama alivyotazama pengine mara ya kwanza. Pulchérie hakupenda kimya kile. Akatafuta neno la kukivunja, akakamata baya.

"Kile kitunguu kilikuwa kikali kweli," alisema.

Gentille akageuka polepole. "Kitunguu gani?"

Pulchérie akaelewa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Miaka kumi na minne ya ndoa, na Bertin hakuwa amewahi kumwambia mkewe kwamba kabla ya kamera kuwashwa Dieumerci alimpaka kitunguu kwenye vidole, ajipanguse machoni.

"Papa Merveille," Gentille alisema, "ulinioa na kitunguu?"

Bertin alitazama chini. "Machozi ilikataa," alisema. "Nilikuwa na njaa, na jua ilikuwa kali. Nilijaribu." Kisha akasema kuna mtu anamngojea ufukweni, akatoka.

Gentille akacheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka maumivu yakamkamata na Pulchérie akamshika mgongo yapite. Yalipopita akajifuta macho na kumwambia: "Rudi kesho. Bila filimu."

Pulchérie akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Alikuwa akiuza mpaka saa saba, anafunika beseni, anapitia kwa Gentille kabla ya kwenda kwake. Mwanzo, aliniambia, alikwenda kwa aibu ya kitunguu. Baadaye alikwenda kwa sababu alikuwa na hamu naye. Alimuogesha. Ugonjwa ule una harufu, na harufu ndiyo iliyowafukuza wageni wengi, hata wa kanisani, waliokuwa wakiombea mlangoni na kuondoka. Nesi wa kituo cha afya alimfundisha Pulchérie kuweka makaa kwenye sahani chini ya kitanda yanyonye harufu, na kubadilisha vitambaa mara nne kwa siku. Pulchérie alikuwa amezoea harufu ya ndagala tangu ujana. Alimwambia Gentille: "Weye haunuki kushinda beseni yangu ya siku ya tatu." Gentille alifurahia neno hilo kuliko sala zote za juma lile.

Walipenda kutaniana. Gentille alisema haki imepinduka, kwamba Marehemu ananona na mzima anakonda. Walisema juu ya kambi, maana wote wawili walikulia Nyarugusu, vijiji viwili mbalimbali, na hawakuwahi kuonana. Walisema watu vibaya kidogo. Sokoni nao walisemwa: kwamba Pulchérie anamfuata bwana wake wa filimu, anangojea nafasi iachwe. Maneno yalimfikia Raphaël. Jioni, wakati wa kula, alimuuliza mkewe kama ni kweli mama Merveille hawezi tena kuketi mwenyewe. Alipoambiwa ni kweli, akasema, "Basi chukua ule muto wangu mukubwa," akaendelea kula.

Jambo moja lilimkera Gentille, na siku moja akalisema.

"Bertin anakaa kule kwa boti mpaka jioni. Akiingia, anauliza kama nimekula, anatoka. Ule mwalimu wa filimu alikaa kando ya kitanda siku muzima."

"Ule mwalimu alikuwa anangojea soda ile Dieumerci alimuahidi," Pulchérie alimjibu.

Lakini alipotoka pale hakwenda nyumbani. Alishuka ufukweni. Bertin alikuwa ameinamia injini, hakuinua kichwa. Pulchérie akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kumwambia moja kwa moja kwamba mkewe anamtafuta.

Bertin alifuta mikono muda mrefu. "Mama Dany, sijue ya kusema," alisema mwishowe. "Mu filimu, Dieumerci aliniandikia. Huku hakuna mwenye kuniandikia. Nikiingia mule, ananitazama, anangoja. Miye nasikia kama niko na mawe mu kinywa. Na sasa anajua hata yale machozi haikuwa yangu."

"Nani alikuambia useme?"

Bertin akamtazama.

"Usiseme kitu," Pulchérie alisema. "Lete kazi kwa nyumba."

Alifikiri hatafanya. Lakini kesho yake alipoingia kwa Gentille, alimkuta Bertin amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, na sinia mbele yake, na kwenye sinia kabureta imefunguliwa vipande vipande. Alikuwa ameviosha kwa petroli uani, akaviacha juani mpaka harufu ikaisha, kwa sababu harufu ya petroli ilimtapisha mgonjwa. Vile vidogo kabisa, vinavyopenda kupotea, alikuwa amemwekea Gentille kwenye kiganja.

"Kale ka tundu," Bertin alisema bila kugeuka.

Gentille akachagua kwa kidole, akampa.

"Hapana hako. Kenye tundu kadogo zaidi."

Akampa kingine.

Ndivyo walivyoishi karibu miezi miwili. Mabwana wa boti walinung'unika kwanza kwamba injini zao zinatengenezwa chumbani kwa mgonjwa, kisha wakazoea. Siku moja tajiri mmoja wa boti ya Kazimia alikuja kupiga kelele uani kwamba amengoja siku tatu. Pulchérie alikuwa anapepeta maharage pale mlangoni, na alimsikia Gentille, kwa sauti ile ndogo iliyobaki, akijibu kutoka ndani: "Papa, tunaimaliza kesho. Leo mikono yetu imechoka." Pulchérie aliacha kupepeta. Aliponisimulia, alirudia neno moja tu, *tunaimaliza*.

Gentille alifariki siku ya Alhamisi, mwezi wa tatu, saa nne za asubuhi. Pulchérie hakuwepo. Alikuwa Kazimia tangu Jumanne, na upepo uliichelewesha boti. Ilipofika Baraka alimwona Bertin amesimama kwenye maji mpaka magotini kati ya wapagazi, na akajua kabla ya kuambiwa, kwa sababu Bertin hakuwahi kumpokea mtu.

Alimsaidia kushusha magunia. Kisha wakasimama kando na akamsimulia, polepole, kama mtu anayeonyesha mahali injini ilipozimikia. Asubuhi Gentille alikunywa uji vijiko viwili. Alishika skrubu kama kawaida, lakini moja ilimwanguka na hakuisikia. Baadaye akageuza sikio kwenye dirisha na kusema, "Anua nguo. Mvua inakuya." Bertin akatoka uani. Kweli mvua ilikuwa imeshaanza kudondoka. Akaanua shuka, vitambaa, sare ya Merveille, akavikumbatia vyote na kuingia mbio. Alipofika kitandani Gentille alikuwa amekwisha kwenda.

"Hakuniaga," Bertin alisema. "Alinituma tu."

"Alituma nani? Si weye?" Pulchérie alimwambia. "Alijua utaanua."

Kwenye mazishi Bertin hakulia. Watu waliona, na wakasema, kwamba yule aliyejaza ukumbi wa parokia machozi ameshindwa na tone moja kwa mke wake halisi. Pulchérie aliwasikia akiwa katikati ya wanawake wanaopika, akaendelea kukoroga. Siku ya kumi hivi alipeleka ndagala nyumbani kwa Bertin, akamkuta peke yake na zile nguo. Alikuwa amemkataza mtu yeyote asizikunje. Alikuwa anazikunja mwenyewe, vibaya, mikono ya sare ikitokeza huku na huku, na uso wake wote ulikuwa maji. Hakujificha. Pulchérie akashika ncha ya pili ya shuka wakaikunja pamoja, kisha akaenda jikoni kuangalia kama kuna kuni.

Dieumerci, ambaye sasa ana mvi, alisikia habari hizi na akataka tutengeneze sehemu ya pili ya filimu. Alikwenda kumwona Pulchérie sokoni na daftari mkononi. Pulchérie alimwambia hana shida, lakini kwanza aitazame ile ya zamani na kuyakata yale maneno yote ya kitandani, abakize kukohoa na kuku. Dieumerci aliudhika kidogo. Mpaka leo hajarudi na daftari lake.

Mwezi wa tisa Merveille alipata nafasi ya sekondari kule Fizi, akae kwa shangazi yake. Bertin alikuwa na injini ya watu ambayo ilipaswa kuondoka siku hiyo, basi Raphaël akawapeleka kwa pikipiki, Pulchérie nyuma yake, Merveille nyuma ya Pulchérie, godoro limefungwa nyuma ya wote. Njia ya Fizi inapanda. Kwenye kona moja injini ikapata moto na Raphaël akasema washuke ipoe. Wakakaa kwenye majani, wakala karanga. Chini kabisa ziwa lilikuwa linaonekana.

Merveille alimenya karanga nyingi bila kuzila. Kisha akauliza, bila kumtazama Pulchérie, "Mama Dany, mama alisema nini juu yangu, mbele ya kufa?"

Pulchérie anasema maneno mazuri yalimjia mengi. Angeweza kuyasema vizuri sana, alikuwa amefanya mazoezi yake yote tangu ujana. Akamtazama yule mtoto na kuyaacha.

"Alisema unatia chumvi mingi mu sombe," alisema.

Merveille akageuka. "Alisema vile?"

"Juma ya mwisho, mara mbili."

"Na alikula?"

"Alikula. Alinikatalia hata miye kuonja."

Merveille alitazama karanga mkononi mwake. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Pulchérie akamvuta akamwegemeza kwenye bega lake nene. Raphaël aligusa injini, akaona bado ina moto, akasema hakuna haraka, shangazi hatahama leo.